Mpishi wa Mwanvita

Kila asubuhi, kabla mguu wake haujagusa sakafu, Mwanvita hukaa ukingoni mwa kitanda, huchukua kisu kidogo cha kumenyea machungwa na kukata kidonge katikati. Nusu huitia mdomoni na kuishushia kwa maji ya glasi iliyofunikwa kisahani tangu jioni. Nusu nyingine huirudisha kwenye kichupa, hukaza kifuniko, halafu husubiri. Mumewe, Sufiani, wakati huo huwa amesharudi kuswali, yuko uani anafuta umande kwenye kiti cha bodaboda yake. Humwita mkewe kupitia dirishani.

"Mama, injini imeshika?"

"Bado inakohoa."

"Usiilazimishe. Iache iungurume kwanza."

Ndiyo salamu yao. Mwanvita hangoji jambo la ajabu. Anangoja tu mikono iache kuwa mizito na kichwa kiache kuelea, ndipo ainuke. Kisha hunywa uji, si kwa sababu anautaka, bali kwa sababu ameambiwa anywe. Tangu augue, asubuhi hana njaa kabisa. Uji hushuka kooni kama maji ya kusukutulia. Lakini mtu atakayemkuta baadaye sokoni Mkuyuni, amekaa nyuma ya mafungu yake ya mdalasini na pilipili manga, anabishana na wachuuzi waliopanda kutoka Morogoro mjini, hawezi kujua kwamba mwanamke huyu anaazima nguvu zake kila siku kutoka kwenye kichupa.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa furaha. Katika ukoo wao, msichana akikua huwekwa ndani. Wanawake humfunza, humsinga, humlisha, na siku ya kutoka hubebwa begani ngoma zikilia, watu wamwone alivyong'aa. Siku hizi shule imebana mambo, kwa hiyo wasichana husubiriwa wamalize kidato cha nne. Ila jambo moja halijabadilika: mwali akitoka mwembamba, aibu ni ya waliomlea. Watu watanong'onezana kwamba chakula cha mwali kililiwa na walezi.

Mwanvita alikuwa mwembamba tangu utotoni. Yeye na mdogo wake Yasmin walifiwa na mama mapema, wakalelewa na mama yao mdogo, Hidaya, nyumbani kwa bibi yao, juu milimani, njia ya Kinole. Hidaya ndiye aliyekuwa somo wa Mwanvita, mwalimu wake wa ndani, na Hidaya hakuwa mtu wa kushindwa na mifupa ya shingo ya mtoto. Alishuka mjini akarudi na vidonge vidogo vyeupe, vya kunenepa, alivyouziwa na mtu barabarani. Haikuchukua muda mashavu ya Mwanvita yakajaa. Siku alipotoka, wanawake walipiga vigelegele hadi sauti zikakauka. "Huyu kalishwa!" walisema, na Hidaya akacheza mpaka kanga ikamdondoka.

Sifa zile zilikuwa tamu. Vidonge vikaendelea hata baada ya ndoa, kwa zaidi ya mwaka, na hakuna aliyeona ubaya. Kisha Hidaya akaenda Turiani kumuuguza ndugu yao, vidonge vikaisha, na Mwanvita hakuona sababu ya kuvitafuta. Hazikupita siku nyingi akaanguka sokoni, fungu la mdalasini likiwa bado mkononi, jasho la baridi likimtoka. Wa upande huu wakasema mimba, wa upande ule wakasema malaria, na mama mmoja muuza magimbi akataja jini la mtoni. Sufiani hakungoja wamalize. Alimpakia kwenye gari la ndizi, akampeleka hospitali mjini.

Huko ndiko alikokutana na daktari Josephina, mwanamke mnene, mpole, mwenye tabia ya kukaa kitandani kwa mgonjwa kama aliyekuja kupiga soga.

"Wewe ni mpishi?" daktari alimuuliza siku ya tatu, alipoweza kukaa.

"Napika nyumbani tu."

"Ukipika mchuzi unaonja, si ndiyo? Chumvi ikipungua unaongeza, ikitosha unaacha. Basi kichwani mwako yumo mpishi. Ubongo wako unaonja damu usiku na mchana. Kuna homoni moja, kotisoli, ndiyo chumvi yake. Ukiogopa, ukiumia, ukipata homa, anataka iongezeke upesi, la sivyo mwili unalegea. Hata kabla ya alfajiri, wewe bado umelala, yeye keshajua kwamba siku inakuja. Anatoa agizo kwa tezi ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo, kama punje ya mbaazi. Mbaazi inapeleka habari chini, kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Kofia zinamwaga homoni. Homoni ikipanda mpaka kichwani, mpishi anaonja, anasema inatosha, anaacha kuagiza."

"Kwa hiyo chumvi yenyewe ndiyo inayomwambia basi?"

"Ndiyo hivyo! Sasa vile vidonge vyako ni chumvi ya jirani. Kila siku jirani anaingia jikoni anamwaga. Mpishi akionja, imezidi. Akaacha kuagiza. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, akazoea, akalala. Kofia nazo zikanyauka kwa kukosa kazi. Halafu siku moja jirani hakuja. Mpishi amelala, jirani hayupo, sufuria liko motoni. Ndipo ukaanguka."

Mwanvita akaweka kiganja kisogoni. "Kwa hiyo sikulogwa."

"Hukulogwa, mama. Tutamwamsha, ila polepole. Nitakupa chumvi kidogo, kisha pungufu ya hapo, mpaka aone imepungua, mwenyewe atafute kijiko. Huenda miezi, huenda zaidi ya mwaka. Ukipata homa au ukitapika usingoje, njoo tuongeze dozi, kwa sababu mpishi wako hawezi kuongeza mwenyewe. Na usije ukaviacha ghafla tena."

"Nitajuaje kwamba ameamka?"

"Tutapima damu yako ya asubuhi. Lakini wengine hujua kabla ya kipimo. Wanaamka na njaa."

Hidaya, aliyekuwa amerudi mbio kutoka Turiani, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda siku ile. Alisikiliza yote kwa makini, akiitikia kwa kichwa panapostahili.

Mwaka na zaidi ukapita. Kidonge kikawa nusu. Mwanvita akarudi sokoni, lakini mlima wa kwa bibi ulibaki kuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali, wingu likiwa limeukalia kichwani. Yasmin alipowekwa ndani baada ya mtihani wa kidato cha nne, dada yake alituma mchele na mafuta ya nazi, akatuma na salamu, yeye mwenyewe hakwenda. Hatimaye asubuhi moja ya mwezi wa pili alijisikia vizuri. Sufiani akampeleka mpaka pikipiki ilipogoma kwenye utelezi, na kipande kilichobaki Mwanvita akakipanda kwa miguu, katikati ya migomba na mikarafuu, akikaa chini kila alipoona jiwe kavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu! Umekuja kwa miguu yako?"

"Yangu na ya pikipiki."

Bibi alikuwa ameinamia chungu cha maharage. Hidaya akatoka chumbani akijifuta mikono, macho yakicheka. "Njoo, njoo umwone mdogo wako. Usimsemeshe, mwali huyu anajua miiko. Hafungui mdomo ila kwangu. Wewe mtazame tu."

Akavuta kanga iliyofunika mlango. Yasmin alikuwa amekaa mkekani, macho chini kama alivyofundishwa, lakini hakuweza kuzuia tabasamu. Shuleni walimwita njiti ya kiberiti, na jina hilo lilimliza zaidi ya hesabu. Sasa alinyanyua mkono taratibu, akajipigapiga shavu kwa kiganja, kama mtu anayeonyesha tikiti lililoiva.

Shavu lilikuwa la mviringo, limejaa, limetanda wekundu kidogo. Mwanvita alilijua shavu lile. Aliwahi kulibeba usoni mwake.

"Mamdogo," alisema, "umempa nini?"

"Kile kile."

"Vile vidonge?"

"Vile vile! Ila safari hii nimejifunza." Hidaya aliinama, akaingiza mkono uvunguni mwa kitanda, akavuta kopo la plastiki na kulitikisa. Likalia kama kayamba. "Daktari si alisema uliugua kwa sababu viliisha ghafla? Basi nimenunua kopo zima. Kwa huyu havitaisha. Nimekula kiapo."

Alisema kwa upendo wote alionao, na hilo ndilo lililomtisha Mwanvita zaidi. Moyo ulimwenda mbio, akahisi ubaridi viganjani. Alijua kwamba kwa mtu mzima wa afya, saa hiyo mpishi angekuwa anapiga kelele jikoni, mbaazi inapeleka habari, kofia zinamwaga. Wa kwake, hakujua alikuwa anafanya nini. Au labda ilikuwa uchovu wa mlima tu. Akakaa kwenye mkeka karibu na Yasmin.

"Mamdogo, vidonge hivi ndivyo vilivyonilaza."

"Kuviacha ndiko kulikokulaza. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio haya."

"Kuviacha, ndiyo. Lakini nisingevianza nisingeviacha."

Hidaya akalishika kopo kwa mikono miwili. Bibi, aliyekuwa amewafuata akiwa na mwiko mkononi, hakuhitaji zaidi ya hapo. Alinyakua kopo. "Lete hapa. Nalitia motoni sasa hivi!"

"Bibi, usichome!"

Mwanvita hakuwahi kumpazia bibi yake sauti. Wote wakageuka, hata mwali akainua macho.

"Kwani unavipenda?" bibi alimaka. "Vimekulaza kitandani, na bado unavitetea?"

"Ukivichoma leo, wiki ijayo tutambeba Yasmin kwenye machela. Keshavimeza karibu miezi miwili. Mpishi wake kalala kama wangu."

"Mpishi gani tena?"

Basi Mwanvita akawaeleza, akiwa amekaa chini vile vile, akionyesha chungu cha maharage kupitia mlangoni. Akaeleza habari ya kuonja, ya jirani na chumvi yake, ya mbaazi na kofia. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu wazima. Mara mbili Hidaya alitaka kumkatiza, na mara zote mbili bibi aliinua mwiko.

"Kwa hiyo," bibi alisema mwishowe, "kumbe kuendelea ni balaa, na kuacha ni balaa."

"Kuacha kwa mkupuo ndiyo balaa. Kuna kushuka kidogo kidogo, lakini kiasi anakijua daktari. Inabidi aende mjini."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mwali hatoki kabla ya siku yake. Jua halimpigi, mwanamume hamwoni. Akitoka mapema, yote aliyofunzwa yanahesabiwa si kitu, na ngoma iliyoalikiwa watu kutoka vijiji vitatu inakuwa kichekesho. Ilikuwa imebaki wiki moja tu. Yasmin aliyajua hayo kuliko wote. Alianza kulia bila sauti, machozi yakiteleza juu ya mashavu yake mapya.

Hidaya alikuwa amejikunja kwenye kona, kanga mdomoni. "Mtoto wa kwanza wa dada yangu, na sasa wa pili," alisema. "Dada yangu ataniambiaje huko aliko?"

"Acha kuongea na walio makaburini," bibi alimkemea. "Ongea na sisi. Wewe ndiye somo. Tunafanyaje?"

Hidaya akafuta macho. Alimtazama mwali, akatazama kanga ya mlangoni, akafikiri. "Mwali akiwa ndani ya kanga," alisema polepole, "yuko ndani."

"Nani kasema?"

"Mimi. Somo ni nani hapa?"

Bibi alimkazia macho, kisha akaanza kucheka, kicheko cha watu wazima kinachoanzia tumboni. "Haya. Akiuliza mjomba wao, utamjibu wewe, mimi nimezeeka."

Kesho yake kulipopambazuka Yasmin alifunikwa kanga mbili, ya juu na ya chini, hata vidole vya miguu havikuonekana. Walimshusha akiwa ameshikwa mikono mpaka palipokuwa na pikipiki. Sufiani, aliyekuwa amerudi kuwachukua, aliambiwa asigeuke nyuma hata kidogo.

"Mamdogo, na mimi nitageukaje?" alisema. "Nikigeuka sote tutajikuta mtoni."

"Na usiongee."

"Nanyamaza."

"Bado unaongea."

Wakapanda mshikaki, mwali katikati, Hidaya nyuma amemkumbatia; Mwanvita akafuata kwa pikipiki ya jirani. Walioonana nao njiani walidhani ni mgonjwa, wakatoa pole, na Hidaya akazipokea zote kwa moyo mkunjufu.

Daktari Josephina aliagiza damu ipimwe, akapima presha, akamfunua Yasmin uso akiwa amefunga mlango. "Unajisikiaje, binti?"

"Anajisikia vizuri," alijibu Hidaya.

"Usiku unalala?"

"Halali sana."

"Mbona hasemi? Ana shida ya koo?"

"Ni mwali, daktari."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele ya Yasmin, magoti yakikaribia kugusana. "Basi sikiliza tu. Nitakuandikia dozi ndogo kuliko unayomeza sasa, na kila baada ya muda tutaishusha. Nadhani wewe utawahi kupona kuliko dada yako. Lakini sitakudanganya: mashavu haya yatapungua, huenda yakaanza hata kabla ya ngoma yako. Hilo siwezi kulizuia. Una swali?"

Yasmin akatikisa kichwa. Kopo lilibaki mezani kwa daktari.

Jioni ile Mwanvita hakurudi Mkuyuni. Alilala kwa bibi, kwenye mkeka wa mwali. Kabla hawajalala Hidaya aliingia, akakaa, akazungumza habari za wapiga ngoma na za mchele. Kisha akafungua fundo la pindo la kanga yake. Mlikuwa na vidonge vyeupe vichache ambavyo havikufika kwa daktari. Aliviweka juu ya kigoda, kando ya kipakiti cha dozi aliyopewa Yasmin hospitali.

"Simlazimishi mtu," alisema, bila kumtazama yeyote. "Nasema tu, ngoma ni wiki hii. Ikishapita si tunaanza kushuka? Siku chache zina nini? Mtoto ametaniwa maisha yake yote."

Mwanvita alitaka kusema kwamba kila siku inayopita mpishi anazidi kulala fofofo. Lakini alikwisha kusema sana tangu jana, na mwili uliojadiliwa haukuwa wake. Alimgeukia mdogo wake. Yasmin alikuwa anavitazama vidonge vya kwenye kigoda, uso umeelekea ukutani nusu, kwa hiyo haikujulikana anawaza nini. Bibi akazima taa.

Asubuhi Mwanvita aliamka wakati ukungu bado umeziba dirisha. Bibi alikuwa anachoma mihogo jikoni, moshi ukiingia chini ya kanga ya mlangoni. Mwanvita alikaa kwenye mkeka kwa muda, ametulia, kama mtu anayesikiliza kitu kilichoko chumba cha pili. Kisha akaenda kuazima kisu cha bibi, akarudi, akakata kidonge chake katikati kama kawaida.

Yasmin alikuwa macho. Alikuwa amekaa, magoti kifuani, kigoda mbele yake. Mkono mmoja ulikuwa juu ya vidonge vya Hidaya. Mwingine ulishika kile kidogo cha hospitali, katikati ya kiganja, hajakimeza.

Alimtazama dada yake akimeza nusu na kurudisha nusu. Alitazama mlangoni kama kuna mtu. Halafu, kwa sauti iliyokuwa imekauka kwa kutotumika, mwali akafungua mdomo.

"Dada, mpishi wako ameshaamka?"

Mwanvita alikaza kifuniko cha kichupa. Angeweza kumwambia ndiyo, na pengine ingetosha.

"Bado," alisema. "Lakini leo nimeamka na njaa."